Uzi: Setilaiti iliniambia majani ya mlimani yamekufa, mzee akakataa. Tujadili malisho ya milima ya Mpwapwa

MwanaMpwapwa:

Wakuu, salaam. Wazee wa humu, shikamooni.

Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka auweke alama, arudi jioni akishatulia.

Nazungumzia majani. Siyo mtama wala uwele. Ni majani ya ng'ombe na mbuzi, yale yanayoota kwenye mabega ya milima yetu ya Mpwapwa, hasa kule juu upande wa Wotta kwenye safu ya Rubeho. Aliyewahi kuswaga ng'ombe Kibakwe anajua kwamba uwanda ukishakauka, macho ya mfugaji yote huelekea milimani. Mimi nimekulia hapo chini. Baba alikuwa akisimama nje ya boma asubuhi, anautazama mlima kimya kimya, kisha anasema tupande au tusubiri. Alikuwa anasoma rangi.

Nilipokwenda kusoma Dodoma mjini nikakuta kuna watu wanasoma rangi hiyohiyo wakiwa wamekaa kwenye kiti, kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Nikaipenda kazi ile kwa moyo wote. Miaka kadhaa sasa nafuatilia miteremko ileile, mwezi kwa mwezi. Na humo ndani nilifanya kosa ambalo lingewaumiza watu. Ndilo limenileta hapa.

Kwanza niwaeleze wasiojua jambo hili linavyofanya kazi.

Jani bichi linakula mwanga mwekundu wa jua, ndio linaoutumia kutengenezea chakula chake. Lakini kuna mwanga mwingine, infraredi ya karibu, ambao jicho la mtu halioni. Huo jani haliutaki, linaurudisha juu kwa wingi. Udongo mtupu hauna tabia hiyo, wenyewe unarudisha mianga yote miwili kwa viwango visivyopishana sana. Basi ukipima mianga hiyo kutoka juu, ukachukua infraredi ukatoa nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya zote mbili, unapata namba moja inayoitwa NDVI. Udongo mtupu hucheza kwenye 0.1 na kidogo. Majani mabichi yaliyoshonana hufika 0.6 au 0.7. Hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi, ila imebeba mambo mengi.

Picha zenyewe ni za bure. Landsat ya Marekani ipo angani tangu 1972, na hazina yake yote ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Pikseli yake, yaani kipande kimoja kidogo cha picha, ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2 ya Ulaya ilianza 2015, ya pili ikafuata 2017, na zikiwa mbili zinapita mahali pamoja kila baada ya siku 5 kwa pikseli ya mita 10. Mita 10 kwa 10 ni kama boma la wastani. Ipo pia MODIS, inayopita kila siku tangu mwaka 2000, lakini pikseli yake ni mita 250, na kwa mlima wenye mabonde membamba kama yetu inachanganya msitu, shamba na malisho ndani ya kipande kimoja. Kwa uwanda wa Kongwa inafaa sana. Kwa Wotta mimi siitumii.

Sasa kosa.

Kuna watu waliniomba niwaandalie ramani ya hali ya malisho ya milimani, kuanzia 2018 mpaka 2023. Siwataji, na wala hawakuwa na nia mbaya. Nikapakua picha moja moja, bando langu likaisha mara kadhaa, nikapiga hesabu, nikachora mstari. Mstari ukapanda na kushuka vizuri kila mwaka, kiangazi chini, masika juu, 2018, 2019, 2020, 2021. Ukifika 2022 unaporomoka. Kilele cha masika kilichokuwa 0.6 kikawa 0.4, na mwaka uliofuata hivyohivyo. Nikaandika kwenye taarifa: malisho ya juu yamepoteza theluthi moja ya ukijani wake ndani ya mwaka mmoja, sababu inayodhaniwa ni mifugo kuzidi.

Niliandika hivyo. Sikuwa nimepanda mlima mwaka ule.

Kwenye kikao kijijini niliitandika ramani mezani, nyekundu tupu. Mzee mmoja, rika la babu yangu, akaiangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hapa ndipo wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Hapo ndipo nilipolisha masika yote. Mvua ilichelewa, hilo kweli. Lakini majani yalikuja, yalinifika magotini. Hiyo picha yako iliyaona wapi yamekufa?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba muda.

Nilichokuja kugundua ni hiki, na naomba kila anayefanya kazi hii akisome mara mbili. Tarehe 25 Januari 2022 wenye Sentinel-2 walibadilisha namna ya kuchakata picha. Kuanzia siku hiyo kila namba ndani ya picha inaongezewa 1000, na wewe unayeitumia unatakiwa kuitoa kabla ya hesabu. Imeandikwa kwenye maelezo yao. Mimi sikuwa nimeyasoma.

Tazama linavyokuja. Mteremko una nyekundu 800 na infraredi 3200. Tofauti ni 2400, jumla ni 4000, jibu ni 0.6. Mteremko uleule, majani yaleyale, usipotoa ile 1000: nyekundu inasomeka 1800, infraredi 4200. Tofauti ni ileile 2400, lakini jumla imekuwa 6000. Jibu ni 0.4.

Theluthi moja imekwenda, na hakuna ng'ombe aliyeila.

Nilirudia kila kitu tangu mwanzo. Anguko likatoweka. Kilichobaki ni kile alichosema mzee: mstari ulichelewa kupanda, na ulipopanda ulifika juu kama kawaida yake.

Nimeileta hapa kwa sababu najua siko peke yangu ninayetengeneza ramani hizi, na najua ramani nyekundu ikishafika mezani kwa mkubwa ni vigumu kuirudisha. Karibuni tujadili.


Mfugaji_Kibakwe:

Mkuu, asante kwa kusema ukweli wako mbele za watu. Wengi wangenyamaza.

Mimi nina swali la mfugaji. Unasema NDVI inapima ubichi. Sasa huku kwetu mvua inakata Aprili, Mei majani yanaanza kuwa njano, na kuanzia Julai mpaka Novemba hakuna kibichi. Ng'ombe wangu miezi yote hiyo wanakula nini kama siyo majani makavu? Picha yako inayaona hayo makavu?


MwanaMpwapwa:

Kaka, umegusa penyewe. Hili nilitaka kuliandikia uzi wake, ila acha nilimwage hapa.

Jibu fupi: haiyaoni. Jani likikauka linaacha kula mwanga mwekundu. NDVI inashuka mpaka 0.2 na kitu, karibu kabisa na udongo wenyewe. Kwa hiyo mteremko uliojaa majani makavu ya kufika kiunoni, chakula cha ng'ombe cha miezi mitatu, na mteremko mtupu uliokwanguliwa ukabaki udongo mwekundu, vyote viwili kwenye ramani ya Septemba vinakuja na rangi zinazokaribiana. Kimoja ni ghala, kingine ni kidonda.

Uzito wake uko hapa. Wagogo wana milaga, maeneo yanayofungwa masika yasilishwe ili majani yakomae yawe akiba ya kiangazi. Wasukuma wana ngitiri, Wamasai wana alalili. Ni akili ya miaka mingi. Mtu akija na ramani ya NDVI ya Septemba peke yake atasema mlaga umekufa, wakati umejaa. Atamhesabu mfugaji aliyetunza sawa na yule aliyemaliza.

Dawa ipo, ingawa si kamili. Sentinel-2 inapima mwanga kwa vipande vinavyoitwa bendi, na ina bendi mbili za infraredi ya mbali kidogo, bendi ya 11 na ya 12, pikseli yake ni mita 20. Nyuzi za jani kavu hunyonya mwanga wa kipande cha bendi ya 12 kuliko cha 11, na udongo mwingi haufanyi hivyo kwa kiasi kile. Ukizilinganisha bendi hizo mbili unaanza kuona tofauti kati ya kavu iliyosimama na udongo. Landsat nayo ina bendi za aina hiyo. Haitakupa kilo za majani, na udongo ukilowa inayumba. Ila kwa kiangazi chetu, ambacho ni kikavu kwelikweli, inasaidia. Mimi sasa sitoi ramani ya kiangazi bila hiyo.

Kwa masika natumia pia kipimo kingine kinachoitwa SAVI, alichokibuni Huete mwaka 1988 kwa ajili ya nchi ambazo majani ni machache na udongo unachungulia katikati. Udongo wetu mwekundu unaipotosha NDVI hasa Desemba, wakati machipukizi ndiyo kwanza yanatokeza.


Mwanafunzi_Dom:

Kaka naomba kujifunza. Niko mwaka wa tatu, utafiti wangu ni milima ya Chenene. Kila nikichukua picha za Januari na Februari ni mawingu matupu. Na zile za Juni kuna miteremko inaonekana myeusi, NDVI yake inarukaruka. Nifanyeje?


MwanaMpwapwa:

Mdogo wangu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Mawingu kwanza. Setilaiti inapita kwetu karibu na saa tano asubuhi. Mlimani saa hiyo ukungu unakuwa bado haujang'oka, au wingu limeshaanza kujikusanya kileleni. Uwanda unaweza kuwa wazi na kilele kimefunikwa. Kwa hiyo usichague picha kwa asilimia ya mawingu ya picha nzima. Picha yenye mawingu 60 kwa mia inaweza kuwa safi juu ya mteremko wako, na yenye 10 kwa mia mawingu yote yakawa yamekaa hapohapo. Tumia tabaka la SCL linalokuja na picha na kutaja kila pikseli ni kitu gani: ondoa daraja la 3, ambalo ni kivuli cha wingu, la 8 na la 9 ambayo ni mawingu, na la 10, lile wingu jembamba la juu sana. Kisha kwa kila pikseli chukua namba ya kati ya siku 15 au mwezi. Na pale ambapo mwezi mzima haukupata hata siku moja safi, acha pengo. Usijaze. Nimeona tasnifu ambazo mstari wa Januari ni mlaini kama barabara ya lami, kumbe hakuna data hata moja chini yake.

Vivuli sasa. Fikiria jua. Saa tano asubuhi jua liko upande wa mashariki. Juni limehamia kaskazini, kwa hiyo linamulika kutoka kaskazini-mashariki, na miteremko inayotazama kusini-magharibi inabaki gizani. Desemba jua liko kusini yetu, sisi tukiwa nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na kivuli kinahamia upande wa kaskazini-magharibi. Umeona? Mteremko mmoja unabadilika rangi kati ya Juni na Desemba hata kama majani hayajabadilika. NDVI kwa kuwa ni mgawanyo inafuta sehemu ya kosa hilo, lakini kwenye kivuli kizito haifui dafu. SAVI na EVI, kipimo kingine cha ukijani, zinaumia zaidi, kwa sababu ndani ya hesabu yake kuna namba isiyobadilika ambayo haipungui pamoja na mwanga.

Chukua data ya miinuko ya SRTM, ile iliyopimwa kutoka angani Februari 2000, tengeneza ramani ya mielekeo ya miteremko, kisha usilinganishe mteremko wa mashariki na wa magharibi. Linganisha mteremko na wenyewe, mwezi uleule, mwaka huu na mwaka uliopita. Hapo kivuli kiko palepale, kinachobadilika ni majani.

Ukiwa na bando dogo tumia Google Earth Engine, hesabu inafanyika kwao, wewe unapokea jibu. Na chagua mkusanyo ambao ile 1000 imeshatolewa, wenyewe wameuandika HARMONIZED.


BibiMalisho:

Nimesoma yote, mwanangu, hongera. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi ya malisho mikoa ya kati tangu nikiwa binti. Naongezea mawili matatu.

Kwanza, Mpwapwa haikuanza kupima majani jana. Maabara ya mifugo iliwekwa hapo na Wajerumani mwaka 1905. Miaka ya 1930 mtafiti Staples alipima hapohapo Mpwapwa kiasi cha maji kinachokimbia na udongo unaobebwa kwenye kipande chenye majani, chenye mazao na kilicho kitupu. Kitupu kilipoteza udongo, chenye majani kilishika. Kwa hiyo swali unalouliza leo kwa setilaiti liliulizwa kwa mitaro na madumu.

Pili, jihadhari na miti. Kwenye miteremko yenye miombo, miti huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya tone la mvua. Setilaiti itakwambia msimu umeanza. Ng'ombe ukimpeleka pale atakuta udongo. Na kuna ule mgunga unaoitwa kitaalamu Faidherbia albida, ambao kiangazi umevaa majani na masika unayapukutisha. Bondeni ukiwa mwingi unakugeuzia kalenda yote.

Tatu, moto. Kilima kikichomwa Agosti, kwanza kinakuwa cheusi, kisha kwenye sehemu za juu zenye umande machipukizi yanatoka kabla ya mvua. Kijani kizuri cha kuvutia, lakini ni kifupi, na mizizi inakuwa imetumia akiba yake ya mwisho. Ukimpeleka mnyama hapo mwaka baada ya mwaka, majani ya kudumu yanaisha, yanakuja yale ya msimu mmoja na vichaka. Kwenye picha yako kitakuwa kijani bado, na pengine kijani zaidi. Je, unaweza kuona hilo?


MwanaMpwapwa:

Shikamoo mama. Asante sana, umenifundisha.

Moto wenyewe unaonekana. Kuna setilaiti zinazonasa joto la moto kila siku, na kovu la moto linajitokeza ukilinganisha infraredi ya karibu na ile bendi ya 12. Tarehe ya kuchoma naipata bila shida.

Ila kujua kama majani ni ya kudumu au ya msimu mmoja, ninachoweza ni kubahatisha kwa umbo la mstari. Ya msimu mmoja hupanda kwa kishindo na kufa kwa kishindo. Ya kudumu huanza mapema kidogo na kukawia kukauka. Vichaka vinabaki na ubichi kidogo mpaka Agosti, kwa hiyo sakafu ya mstari inainuka mwaka hadi mwaka hata kama kilele hakijabadilika. Nikiona sakafu inapanda naogopa kuliko nikiona kilele kinashuka. Watu wengi wanafurahia ukijani unaoongezeka. Mimi nauliza ni kijani cha nani.

Na hapa ndipo ninapotaka tuhamishe macho. Tumezoea kuuliza "kiasi gani". Baba yangu hakuwahi kuuliza kiasi gani. Aliuliza "lini". Siku ambayo mstari unavuka sehemu moja ya tano ya njia kutoka sakafu kwenda kilele, naiita siku ya kuanza. Siku unaposhuka kupita hapo tena, siku ya kwisha. Katikati ndiyo siku za ubichi. Kwa miteremko ninayoifuatilia, uwanda wa chini hupaa baada ya mvua mbili tatu na Mei umeshamaliza. Juu mlimani mstari unapanda taratibu na unabaki juu mpaka Juni, mahali pengine Julai, kwa sababu ya ubaridi na ukungu unaotoka mashariki. Safu ya Rubeho ndiyo inayokamata unyevu wa Bahari ya Hindi. Ugogo uko nyuma ya ukuta huo, ndiyo maana Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Hayo majuma sita au nane ya tofauti kati ya chini na juu ndiyo uhai wa mfugaji. Yakipungua, mifugo yote inabanana kwenye vyanzo vya maji mwezi mmoja mapema.

Mwaka ule niliouharibu kwenye ramani, kitu cha kweli kilichotokea ni hicho. Siku ya kuanza ilisogea mbele. Kama ningesema hivyo kwenye kikao, wazee wangenielewa mara moja, maana ndicho walichokiona.


Mrangi_wa_Kolo:

Ndugu, mimi natoka Kondoa na nitasema bila kuzunguka. Sisi tunazijua ramani. Mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Yote. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, punda. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka boma likiwa kimya. Baba alipeleka ng'ombe kwa ndugu wa mbali, na maziwa tukawa tunayasikia tu.

Milima ilirudi kuota, sikatai. Ukipita leo unaona miti ambapo palikuwa na makorongo matupu. Lakini nakuuliza wewe unayeshika hizi picha: kesho ramani yako ikisema mlima umekufa, nani atakuja kutusikiliza sisi?


MwanaMpwapwa:

Mzee wangu, nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Sisemi kwamba Kondoa haikuwa na shida. Makorongo yalikuwepo na udongo ulikuwa unakwenda. Na kupona kwake kunaonekana. Ninachokiona mimi ni kwamba uamuzi mkubwa namna ile unahitaji uhakika mkubwa namna ile, na picha peke yake haitoshi kuubeba. Mimi nilikuwa na picha zaidi ya mia, na zote zilisema uongo mmoja kwa sauti moja, kwa sababu kosa lilikuwa kwangu, siyo mlimani. Wingi wa picha haukunisaidia chochote. Kilichonisaidia ni mzee mmoja aliyekuwa amesimama ndani ya majani yenyewe.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, na naomba mnishikilie kwa huo.

Sitoi ramani ya mteremko ambao sijaukanyaga msimu huohuo. Nimetengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa moja. Nachagua kipande kinachofanana, siyo chini ya mita 30 kila upande, ili pikseli isiangukie nusu kwenye mwamba na nusu kwenye majani. Naweka fremu mara tano ndani yake, nakata kilichomo kwa mundu, napima kwa mizani kikiwa kibichi, nakikausha, napima tena. Naandika pia kama ni majani ya kudumu, ya msimu, au kichaka. Na kuna jiwe kubwa ambalo nasimama juu yake kila mwezi na kupiga picha kwa simu, uelekeo uleule, saa ileile. Picha hizo za simu zimenisahihisha mara nyingi kuliko programu yoyote.

Pili, kabla ramani haijaondoka kijijini, waliomo ndani yake waione kwanza. Rangi nyekundu nimeiacha. Naonyesha tarehe: hapa ubichi ulianza juma la kwanza la Desemba, hapa la nne. Mtu asiyewahi kushika kompyuta anaisoma.

Na tatu, nikikosea nitakuja kusema, kama nilivyofanya hapa. Ile taarifa ya kwanza niliiandikia barua ya kuifuta. Waliipokea. Sijui kama nakala zote zimerudi, na hilo linanikosesha usingizi hadi leo.


Mfugaji_Kibakwe:

Mimi nimeridhika na hilo la tarehe. Mwaka huu ukiniambia juu kumeanza, hata kwa ujumbe wa simu tu, nitajua kama nihame au nisubiri siku kumi. Siku kumi kwa ndama mchanga ni kitu kikubwa. Ila usiniambie kijani. Niambie ni majani au ni miti, kama mama alivyosema.


BibiMalisho:

Mwanangu, ukipanda tena nitafutie jambo moja. Tazama kama yale mashina ya majani marefu ya kudumu bado yanaota karibu karibu, mguu kwa mguu, au yameanza kuachana na katikati kuna udongo. Kutoka angani mashina yaliyoachana masika yanaonekana yameshonana, kwa sababu majani yanalala juu ya uwazi. Lazima uinue majani kwa mkono uone chini.


Mrangi_wa_Kolo:

Umenijibu kiungwana. Barua uliiandika, basi pumzika na hilo. Siku ukija Kondoa nitakutembeza Irangi, nikuonyeshe palipokuwa na boma letu. Leta hiyo fremu.


MwanaMpwapwa:

Nitakuja mzee, nimeahidi.

Mama, sikuwahi kuinua majani kwa mkono. Nilikuwa nakata kwa juu na kupima uzito. Naanza Jumamosi hii. Yule mzee wa kikao amekubali tupande wote. Ng'ombe wake wako juu tayari na amesema atanionyesha bonde moja ambalo picha zangu huliacha tupu kila Januari kwa sababu ya ukungu. Setilaiti inapita Jumapili asubuhi. Tutalala huko huko ili saa tano itukute ndani ya majani, fremu ikiwa chini. Nikishuka nitaweka vipimo vyote hapa, na picha za mashina majani yakiwa yameinuliwa.